Maandalizi ya Mwalimu wa Watoto Wenye Mahitaji Maalum

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Upper Hill, Nairobi)



 Bwana Katibu aliponiandikia barua, alinitaka niseme na vijana wetu waliomaliza shule ya sekondari juu ya kazi ya ualimu wa shule za msingi, na hasa ualimu wa watoto wenye ulemavu. Nimekubali kwa furaha. Lakini maneno yangu hayatawaelekea vijana peke yao. Katika shughuli za mkutano huu liko shauri la Mfuko wa Karo, nalo litaamuliwa baada ya chakula cha mchana. Nimesikia ya kuwa wako wanachama wanaosema hivi: fedha za Chama ni chache, basi na zimsomeshe daktari, zimsomeshe mhandisi, zimsomeshe mwanasheria, wala zisimsomeshe kijana atakayekwenda kuwafundisha watoto ambao hata wakisoma hawatafaa kitu.

Neno hilo halikusemwa kwa chuki. Limesemwa na watu wanaotoa michango yao kila mwezi bila kuchelewa, nao wana haki ya kuuliza fedha zao zaenda wapi. Kwa hiyo sitawajibu kwa kuwalaumu. Nitawaeleza mwalimu wa namna hii huandaliwaje, kisha ninyi wenyewe mtapima kama kazi hiyo yastahili fedha zenu au haistahili.

Kwanza na tutazame mahali tulipo. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, kilima hiki kilikuwa makao ya maofisa wa Reli, Wazungu. Mwafrika alikipanda asubuhi kwenda kazini, akakiteremka jioni kurudi kwake. Leo tumekutana hapa kwa mkutano wetu wenyewe, na hakuna aliyetuuliza cheti cha njia. Mteremkoni iko Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901 ikiwa hospitali ya wenyeji, ikaitwa King George VI mwaka 1952, na baada ya Uhuru ikapewa jina la Rais wetu wa kwanza. Na juu ya kilima hiki hiki liko jumba la Tume ya Huduma za Walimu, ambayo wengi wetu huiita TSC, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967.

Nazitaja nyumba hizi mbili kwa sababu moja. Mzazi anayeona ya kuwa mtoto wake haitiki akiitwa, au hashiki kwa macho kile anachoonyeshwa, humpeleka hospitali kwanza. Hapo daktari humpima na kumwambia mtoto ana nini. Lakini mzazi ana swali la pili: "Huyu atasoma wapi, na nani atamfundisha?" Swali hilo daktari hana dawa yake. Jibu lake limo katika nyumba ile nyingine, katika daftari la walimu walioandikishwa. Kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mwendo mfupi wa miguu, lakini wako wazazi ambao hupitiwa na miaka kabla hawajaumaliza mwendo huo, na mtoto akikaa nyumbani miaka yote hiyo. Samaki hukunjwa angali mbichi; mtoto aliyeanza kufundishwa akiwa na miaka kumi na miwili amekwisha kupoteza wakati ambao hakuna mtu awezaye kumrudishia.

Kazi hii si ngeni katika nchi zetu. Shule ya Vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Kule Tanganyika, shule ya vipofu ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilifunguliwa na kanisa la Kianglikana mwaka 1950. Mwaka 1961 zikafunguliwa hapa kwetu shule za viziwi za Nyang'oma na Mumias, zikiwa chini ya Kanisa Katoliki. Mwanzo wa shule hizo zote ulikuwa huruma ya watu wa dini, nasi twapaswa kuwashukuru, maana walianza wakati ambapo wengine hawakufikiri hata kuanza.

Baada ya Uhuru Serikali nayo ilisema neno lake. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Ominde ilishauri mwaka 1964 kwamba mtoto mwenye ulemavu usio mkubwa asome pamoja na wenzake katika shule ya kawaida. Mwaka huo huo kamati iliyoongozwa na Bwana Ngala Mwendwa ilichunguza habari za kuwatunza na kuwasaidia watu wenye ulemavu, na kutokana nayo ukatoka Waraka wa Serikali Namba 5 wa mwaka 1968. Hata hivyo chuo cha taifa cha kuwaandaa walimu wa kazi hii, yaani Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, kilianzishwa mwaka 1986 kwa msaada wa serikali ya Denmark. Hesabuni wenyewe: tangu Thika ya 1946 hata KISE ya 1986 ni miaka 40. Katika miaka hiyo walimu wachache walipelekwa ng'ambo, wengine walipewa mafunzo mafupi, na wengi walijifunzia kazini, darasani, mbele ya watoto.

Huenda mtu akauliza: kuna ubaya gani mwalimu akijifunzia kazini, maadamu ana moyo mwema? Nitajibu kwa habari iliyo kweli. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali, wengi wao wa Ulaya, walikutana katika mji wa Milan, Italia, wakaamua kwa kura kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kusoma midomo na kutoa sauti, na kwamba lugha ya ishara iondolewe darasani. Mafundisho hayo yalienea ulimwenguni, na shule zetu za viziwi zilipoanza, zilianza nayo. Mtoto aliyeinua mikono aseme na mwenzake alikatazwa. Alikaa miaka akitazama mdomo wa mwalimu, akitamka maneno ambayo mwenyewe hakuyasikia, na hesabu, historia, habari za nchi yake, yote hayo yakampita. Walimu wale hawakuwa wakatili. Wengi walikuwa wapole na wacha Mungu. Walikosa maarifa tu, na kwa kukosa huko watoto wengi walitoka shuleni wakiwa wamepata kidogo sana.

Hapa Kenya mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1980, ishara ziliporuhusiwa madarasani. Mwaka 1991 ukaanza Chuo Kikuu cha Nairobi uchunguzi wa Lugha ya Ishara ya Kenya, na Katiba ya mwaka 2010 ikaitaja lugha hiyo kwa jina lake, pamoja na maandishi ya breli, na kuiagiza Serikali iyakuze yote mawili. Mwaka huo huo wa 2010, mkutano wa walimu wa viziwi uliokutana Vancouver, Canada, uliyakataa maazimio ya Milan na kusema kwa majuto ya kuwa yalileta madhara. Ilichukua miaka 130. Basi, ndugu zangu, huruma ni mwanzo wa kazi hii, lakini si kazi yenyewe. Mwalimu wa mtoto mwenye ulemavu ni fundi, na fundi hapana budi aandaliwe.

Sasa nasema na vijana. Mkitaka kuingia katika kazi hii, mtajifunza mambo matano.

Jambo la kwanza ni kuwa mwalimu kamili wa shule ya msingi kabla ya kuwa mwalimu wa kitu kingine chochote. Wengi hudhani elimu maalum ni njia ya mkato kwa wasioweza hesabu. Sivyo hata kidogo. Mtoto asiyeona naye hujumlisha na kutoa. Mtoto asiyesikia naye hujifunza kwa nini mvua hunyesha. Asiyejua kumfundisha mtoto anayeona namna silabi zinavyoungana kuwa neno, hatajua kumfundisha asiyeona. Kwa miaka mingi walimu wetu walipata cheti cha P1 kwa masomo ya miaka miwili. Cheti hicho kimeondolewa, na kuanzia mwaka 2021 mahali pake pamechukuliwa na Diploma ya Ualimu wa Shule za Msingi, inayosomwa miaka mitatu, ambayo ndani yake kila mwanafunzi hufundishwa elimu jumuishi. Aombaye nafasi hutazamiwa awe na wastani wa daraja la C katika mtihani wa KCSE. Lakini someni matangazo ya Wizara ya Elimu kila mwaka, wala msitegemee maneno ya njiani, kwa maana masharti ya masomo hubadilishwa. Baada ya hapo njia ni nyingi. Mwalimu aweza kwenda KISE kusomea fani maalum, au kusoma shahada ya elimu maalum katika Chuo Kikuu cha Kenyatta au Maseno. Jirani zetu nao wana vyuo vyao: Patandi huko Arusha, na Chuo Kikuu cha Kyambogo mjini Kampala.

Jambo la pili ni kujifunza kutazama. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, alikuwako mvulana aliyekaa miaka mitatu darasani akiitwa mzito wa akili. Maandishi yake yalikuwa mazuri, tena alinakili ubaoni bila kosa, lakini akiulizwa hajibu, ama hujibu jambo lisiloulizwa. Akaja mwalimu mgeni aliyekuwa amefunzwa kutazama. Katika juma la kwanza aliona ya kuwa mtoto yule hujibu vizuri mwalimu anapomwelekea uso, na hajibu kabisa mwalimu anapozungumza huku ameugeukia ubao. Hakuwa mzito wa akili. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa mazito, na midomo ya mwalimu ndiyo iliyokuwa kitabu chake. Alihamishiwa dawati la mbele, mwalimu akaacha kuzungumza na ubao, na mtoto akapelekwa kupimwa. Vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza penye msaada vilianza kuwekwa nchini mwaka 1984, lakini kituo hakimjui mtoto asiyepelekwa, na wa kumpeleka aghalabu ni mwalimu aliyemtazama.

Jambo la tatu ni lugha na vyombo. Mwalimu wa viziwi hujifunza Lugha ya Ishara ya Kenya kama mtu ajifunzavyo lugha ya kabila asilozaliwa nalo, kwa kukaa na wenyewe. Lugha hiyo si Kiswahili kilichotiwa mikononi, wala si Kiingereza. Ina mpango wake wa maneno, na uso na mabega husema pamoja na vidole. Mwalimu wa wasioona naye hujifunza breli, yaani nukta nundu. Nukta ni sita tu, lakini kwa kuzipanga hupatikana namna 63, zikatosha herufi, tarakimu na alama zote. Akitumia kibao na msumari, huandika kutoka kulia kwenda kushoto, akitoboa karatasi upande wa nyuma, ili ikigeuzwa nukta zisomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Basi kila herufi lazima aijue kwa sura mbili, ya kuandikwa na ya kusomwa. Mashine yake ina vibonye sita, kila kimoja kwa nukta yake, na vidole hubonyeza kadhaa kwa pamoja. Mambo haya hayashikwi kwa semina ya siku mbili. Huhitaji miezi ya mazoezi, kila siku, kama mtu ajifunzaye kinanda.

Jambo la nne ni kuigawa kazi. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hashindwi na jambo kwa kuwa ni gumu tu. Mara nyingi hushindwa kwa kuwa ameletewa mambo kumi yakiwa yamefungwa pamoja kama mzigo mmoja. Sisi twasema, "Nawa mikono," nasi twadhani tumesema jambo moja. Mwalimu aliyeandaliwa ajua ya kuwa amesema mengi: kwenda penye maji, kukunja mikono ya shati, kufungua bomba, kulowesha mikono, kushika sabuni, kusugua viganja, kusugua katikati ya vidole, kusuuza, kufunga bomba, kukausha. Hufundisha hatua moja mpaka ishikwe, kisha huunga ya pili. Kila mtoto huandikiwa mpango wake mwenyewe: ajua nini leo, atafundishwa nini, na mwisho wa muhula atapimwa kwa kipimo gani. Mtaala wa umilisi, ulioanza katika shule za nchi nzima mwaka 2019, umewawekea njia yao watoto wasioweza kufuata madarasa kwa umri, wakapanda hatua kwa hatua mpaka kwenye mafunzo ya kazi za mikono. Njia hiyo imekwisha kuandikwa katika vitabu. Wanaotakiwa ni watu wa kuipita pamoja na mtoto.

Jambo la tano ni kusema na mzazi. Hapa nawakumbusha habari ya karibu sana na sisi. Mwaka 1925, huko Kabete, magharibi ya mji huu, ilifunguliwa Shule ya Jeanes, iliyopewa jina la mama mmoja wa Marekani, Anna Jeanes, ambaye mali yake ilitumika kuwasaidia walimu wa Waafrika wa huko kwao. Walimu waliofunzwa Kabete walikuja pamoja na wake zao, wakakaa katika nyumba zilizofanana na za vijijini, kisha wakarudi makwao kuzizungukia shule ndogo ndogo, kumshauri mwalimu na kuingia nyumbani mwa watu. Mwalimu wa elimu maalum yampasa kuwa na miguu kama ile. Darasa lake halimalizikii penye ukuta wa shule. Atabisha hodi, ataketi, atanywa chai, na hatamwambia mama, "Kwa nini ulimficha mtoto?" Atamwuliza, "Hupenda kula nini? Hukuita namna gani akiwa na njaa?" Mama huyo ameishi na mtoto miaka minane, naye ajua mambo ambayo chuo hakikuyafundisha. Mwalimu ajapo kwa adabu ataambiwa mengi. Ajapo kwa lawama, atafungiwa mlango.

Na katika kusema huko ajihadhari na ulimi wake. Kiswahili chetu kina maneno mengi ya kumwita mtu kwa kile alichokosa: kiwete, kilema, bubu. Wako wanaoitwa kiziwi nao hulipenda jina hilo na kuliandika juu ya mlango wa chama chao, basi na waitwe hivyo kwa kuwa wamechagua. Lakini mtoto ana jina alilopewa na wazazi wake, na mwalimu huanza na hilo.

Vijana wangu, sitawaficha yaliyo magumu. Hakuna aruhusiwaye kufundisha katika nchi hii bila kuandikishwa na Tume, na kuandikishwa kwataka vyeti vya masomo na cheti cha polisi cha tabia njema. Tena kuandikishwa si kuajiriwa. Wako walimu wengi waliofuzu ambao wamengoja kazi kwa miaka, nao wa elimu maalum ni miongoni mwao. Anayetaka utajiri wa haraka na asijisumbue. Mwendo wa mafanikio katika kazi hii ni wa polepole: yuko mtoto ambaye atatumia muhula mzima kujifunza kufunga kifungo kimoja cha shati. Ninyi mtakaokuwapo siku hiyo mtajua kwa nini mwalimu wake alikuwa akicheka peke yake katika ofisi. Kabla ya kuomba nafasi chuoni, nendeni katika shule yenye kitengo maalum iliyo karibu nanyi, mwombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, mkasaidie kwa muda wa likizo yenu. Mkirudi nyumbani jioni na hamu ya kwenda kesho yake, basi mmekwisha kupata jibu. Na kama miongoni mwenu yuko kijana mwenye ulemavu, neno hili ni lake pia: hakuna awezaye kumwonyesha mtoto asiyeona ya kuwa elimu yawezekana kuliko mwalimu asiyeona anayesimama mbele yake.

Sasa narudi kwa wazee wangu, na kwa lile neno la wanachama nililolitaja mwanzo.

Imesemwa watoto hawa hata wakisoma hawatafaa kitu. Wazee, tuhesabu kama wafanya biashara wahesabuvyo. Mtoto ambaye hakufundishwa kula mwenyewe, kujivika mwenyewe na kusema haja zake, humfunga mtu mzima nyumbani. Mama haendi sokoni, au dada mkubwa huacha shule ili amtunze. Fedha ambazo hatukumpa mwalimu, tunazilipa kila siku kwa kazi ambayo mama yule hakuifanya, na kwa masomo ambayo dada yule aliyakosa. Mtoto aliyefundishwa hata kufika nusu ya njia amewafungua watu wawili: amejifungua mwenyewe, na amemfungua aliyekuwa akimlinda.

Tena wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Hakuna katika ukumbi huu ajuaye macho yake yatakuwaje baada ya miaka kumi, au atashuka vipi kwenye gari la leo jioni. Shule ya watoto hao si ya watu wengine. Ni akiba yetu sote.

Wala si jambo la hisani tena. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bure na ya lazima, nayo imewapa watu wenye ulemavu haki ya kuingia katika shule pamoja na wengine kwa kadiri inavyolingana na maslahi yao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2003, na mwaka 2025 ikaja nyingine mpya. Sheria zipo. Lakini sheria haishiki kidole cha mtoto ikakiweka juu ya nukta. Hilo hufanywa na mtu, na mtu huyo ni lazima asomeshwe na mtu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, nayo ni madogo. La kwanza, katika nafasi za Mfuko wa Karo za kila mwaka, Chama kiweke nafasi mbili kwa vijana wanaokwenda vyuo vya ualimu kwa nia ya kuwafundisha watoto wenye ulemavu, wavulana na wasichana sawasawa. Kijana asidiwe alama za daktari. Adaiwe barua ya mwalimu mkuu wa shule aliyokwenda kusaidia, ili tujue ya kuwa amekwisha kuionja kazi.

La pili, kila tawi la Chama lihesabu watoto wake walio nyumbani bila shule kwa sababu ya ulemavu. Majina yao yasisomwe mkutanoni wala yasichapwe katika kitabu hiki cha mwaka. Na waende akina mama wawili wenye busara, nyumba kwa nyumba, kwa siri na kwa heshima, wawasindikize wazazi watakaokubali mpaka kwenye kituo cha kupimia. Wazazi wengi hawakosi upendo. Hukosa nauli, na mtu wa kufuatana naye.

La tatu, mikutano yetu yenyewe. Tulitoa michango mingi mwaka huu, lakini sikuona mtu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu katika ukumbi huu, nami nimeziona ngazi za mlangoni. Naomba Kamati itafute mahali ambapo kila mwanachama aweza kuingia bila kubebwa.

Bwana Mwenyekiti, vyama vya ustawi kama hiki havikuanzishwa na matajiri. Vilianzishwa na watu wa mishahara midogo, wapishi, makarani na wafanya kazi wa Reli, waliokuja Nairobi wakakuta ya kuwa mtu wao akifa hana wa kumzika wala wa kumrudisha kwao. Walichanga senti zao wakasema: asiwepo mtu wetu atakayezikwa kama asiye na kwao. Kisha wakaona ya kuwa karo nayo ni jambo la kuchangiana, wakaongeza hilo. Sisi tulio warithi wao tunaombwa kuongeza neno moja tu juu ya lile la kwanza: asiwepo mtoto wetu atakayeishi kama asiye na kwao.

Shauri la Mfuko liko mikononi mwenu mchana huu. Vijana wanne wameniambia kabla ya mkutano ya kuwa wako tayari kwenda. Wawili wao hawawezi kwenda bila ninyi.